Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara kuu: gari ikichemsha kwenye kile kilima, tusimame wapi?

Waheshimiwa mnaosimamia barabara kuu, pamoja na ninyi mnaotoa vibali vya magari ya brekidauni, yale yanayovuta gari zilizoharibika, poleni na kazi.

Nimesubiri wiki mbili ndo naandika. Ningeandika usiku ule ule yangetoka matusi matupu na mke wangu angeyafuta yote kabla sijatuma, ananijua. Sasa nimetulia, hasira imeshuka kidogo, ila swali langu bado liko pale pale na nyie ndo wenye majibu, mimi nina stiringi tu.

Tulikuwa tunarudi likizo. Mnaijua ile siku, msijifanye hamuijui, kila mwaka inarudi tarehe zile zile maana shule zinafunguliwa na maofisi yanafunguliwa, kwa hiyo dunia nzima inaamua kurudi siku moja, saa moja, barabara moja. Gari ilikuwa na mimi, mke wangu, mama yake, watoto wawili, mabegi nyuma mpaka kioo hakionekani, na juu ya keria nikafunga na yale mengine ambayo tulienda bila kuwa nayo lakini sijui ilikuwaje tukarudi nayo. Jua kali. Esii imewashwa mwisho. Mbele yetu kilima kirefu, na mbele ya kilima msururu wa malori yanapanda kwa gia ya kwanza.

Sasa yeyote anayejua gari kidogo ameshaona hapo kinachokuja. Injini inafanya kazi kubwa maana mzigo ni mzito na unapanda, raundi ziko juu, lakini gari yenyewe inatembea polepole, kwa hiyo upepo wa kupooza rejeta, pale maji ya injini yanapopoozwa, haupo, inategemea feni peke yake, na esii nayo ina kirejeta chake kimekaa mbele ya rejeta kubwa kinamwaga joto lake pale pale. Ukitaka kuichemsha gari makusudi huwezi kupanga vizuri zaidi ya hapo. Na hilo halikuwa langu peke yangu, magari yote kwenye ule msururu yalikuwa kwenye mtihani huo huo siku hiyo, mengine yamefaulu, yangu ikafeli.

Niseme kosa langu mapema ili msije mkalitumia baadaye. Kabla ya safari nilicheki oili, nilicheki upepo wa tairi, nilicheki maji, hata wipa nilicheki. Hozi paipu ya juu ya rejeta, ule mpira unaopitisha maji ya injini, sikuiminya. Fundi baadaye kanionyesha, ilikuwa imelegea kwenye shingo pale inapofungwa na klipu, imevimba, ukiiminya inabonyea kama sikio la mtu. Ingenichukua sekunde kumi kujua. Hiyo ni yangu, naibeba, sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu na nyie unaanzia dakika ile mshale wa temperecha ulipotoka katikati ukaanza kupanda.

Maana mi najua cha kufanya mshale ukipanda, siyo mgeni wa magari. Unazima esii, unawasha hita mpaka mwisho hata kama mnaungua humo ndani, maana hita inavuta joto la injini na kulitupa ndani ya gari, halafu unasimama pembeni, unazima injini, unasubiri. Ndo hivyo tu, hakuna uchawi. Nikazima esii. Nikawasha hita, watoto wakaanza kulia, mama mkwe akauliza kama nimechanganyikiwa, nikamwambia mama vumilia kidogo. Halafu nikatafuta pembeni pa kusimama.

Pembeni hapakuwepo!

Upande mmoja ni ukuta wa mwamba na chini yake mfereji wa zege ambao ukiingiza tairi ndo umeshalala hapo. Upande wa pili vile vyuma vya kuzuia magari yasitumbukie bondeni, vimepandwa karibu na mstari kabisa, yaani kati ya mstari na chuma huwezi kuegesha hata baiskeli. Bega la barabara, ile nafasi ya pembeni ya kusimama, hakuna. Nyuma yangu lori limejaa, linanimulika taa, na nyuma yake lingine, na barabara ni ya njia moja kwenda njia moja kurudi na kona kila baada ya mita chache. Ningesimama pale ningekuwa nimesimama katikati ya barabara, kwenye kona, na mke na watoto na mama wa watu ndani.

Kwa hiyo nikaendelea. Hilo ndo nataka mlisome mara mbili. Nikaendelea na gari inayochemsha, nikijua kabisa naiua, kwa sababu kuiua injini kulikuwa na nafuu kuliko kuua watu. Nimeangalia baadaye kwenye ramani, ni kilomita nne na ushee, na kwa mwendo wa yale malori ni kama dakika kumi hivi. Dakika kumi nimekodolea mshale na kona, mshale na kona.

Halafu kikatokea kitu ambacho nilikifurahia sana na sikutakiwa kukifurahia. Mshale ukashuka. Ghafla tu, kutoka kule juu karibu na nyekundu ukarudi chini, nikashukuru Mungu kwa sauti, mama mkwe akasema unaona, nilijua tu itapoa yenyewe. Fundi alicheka sana nilipomhadithia sehemu hii. Ile sensa inayopeleka habari kwenye mshale inasoma joto la maji, na maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke haina cha kusoma, inaanza kudanganya. Kwa hiyo pale nilipokuwa nashukuru, hozi ilikuwa imeshapasuka na maji yote yako kwenye lami nyuma huko. Wenye magari sikieni hilo hata kama barua siyo yenu: mshale ukishuka ghafla na hujafanya chochote, usifurahi.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Gari ikakosa nguvu, ikaanza kugonga chini ya boneti, mvuke ukatoka mpaka mbele sioni, halafu ikazima. Tumesimama wapi? Katikati ya njia, mita kama thelathini baada ya kona. Yaani pale pale nilipokuwa nakwepa kwa dakika kumi ndipo tulipoishia, tofauti ni kwamba sasa na injini pia nimeshaipoteza.

Nikawasha taa za hazadi, nikatoa watu. Watoto na bibi yao wakarushwa upande wa pili wa vile vyuma, maana ndo inavyoshauriwa, ukiharibikiwa barabara kuu usikae ndani ya gari wala mbele yake, vuka chuma usimame nyuma yake. Ushauri mzuri sana huo, ila kwetu nyuma ya chuma kulikuwa na nafasi ya kukanyaga ya upana wa hatua moja halafu bonde. Mke wangu kamshika mtoto huku na mama yake huku, kaegemea chuma, na kila lori likipita wanayumba na upepo wake. Mimi nakimbia na triango, ile pembetatu nyekundu ya kuonya, kuirudisha nyuma.

Na kuhusu triango hebu tufanye hesabu kidogo. Kwenye kanuni za barabara za Uingereza wanasema iwekwe angalau mita 45 nyuma ya gari, na wanasema kabisa kwamba kwenye motawei, barabara zao kubwa za mwendo kasi, usiiweke, utagongwa wakati unaiweka. Gari linalokuja kwa kilomita 100 kwa saa linakula karibu mita 28 kila sekunde. Mita 45 ni sekunde moja na nusu na kitu. Mtu anayebonyeza simu hajainua hata kichwa. Na sisi tuko baada ya kona, kwa hiyo ikabidi triango iwe kabla ya kona ndo iwe na maana, nimekimbia nayo umbali mrefu huku nimeinyanyua juu kama mtu aliyeshinda kombe, madereva wananipigia honi kwa hasira. Sijui walidhani nimeamua kufanya mazoezi pale.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori mmoja. Alipunguza mwendo akasimamisha lori lake kabla ya kona, akawasha taa zote, utingo wake akakata matawi akayatawanya barabarani, magari yakaanza kuelewa. Mimi kwa kihoro nilikuwa nimeshafungua boneti na mkono uko kwenye mfuniko wa rejeta, nikasikia sauti, "Kaka! Toa mkono hapo!" Ni yule dereva, akanivuta shati kabisa. Nami najua, mnaona? Najua kabisa kwamba ule mfuniko unafungia presha, na presha ndo inafanya maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiufungua tu presha inatoka na maji yanachemka ghafla yanakurukia usoni pamoja na mvuke. Nimewahi kuwaelekeza watu wengine hilo. Lakini mtu akiwa na watoto ukingoni mwa bonde na magari yanapita, elimu inaruka. Ndo maana nasema msitupangie usalama wetu kwa kutegemea akili zetu za wakati huo, hazipo.

Tukasukuma gari, mimi, yule dereva, utingo wake na vijana wawili waliokuwa wamekwama kwenye foleni, tukaibana kwenye chuma mpaka kioo cha pembeni kikang'oka. Bado nusu ya gari iko njiani.

Namba yenu ya dharura nilikumbuka kuiona kwenye kibao mahali fulani huko chini, ila nani anakariri namba ya kibao akiwa gari yake nzima? Na mtandao pale ni wa kuvizia, unapanda juu ya jiwe unaupata, ukishuka unapotea. Ujerumani kwenye barabara zao kubwa wana simu za dharura pembeni kila baada ya kilomita 2 hivi, na mpaka leo ziko ingawa kila mtu ana simu mfukoni, kwa sababu ile simu ikishanyanyuliwa wanajua uko kilomita ngapi, huna haja ya kueleza "niko kwenye kona, kuna jiwe, kuna mti". Mi nimeeleza kona na jiwe kwa watu watatu tofauti na kila mmoja akaniuliza kona ipi.

Brekidauni likaja baada ya saa tatu, giza limeingia. Na hapa ninyi wa vibali ndo nawaita mbele.

Jamaa hakuangalia gari kwanza. Aliangalia sisi. Akamulika tochi kwa watoto, akamulika keria, akauliza mnatoka mbali eh, halafu ndo akataja hela. Bei haijaandikwa popote, siyo kwenye gari lake, siyo kwenye risiti, na nilipomuuliza ni kwa kilomita au kwa safari akaniambia ni kwa hali. Kwa hali! Yaani jinsi ulivyo na shida ndo jinsi utakavyolipa. Nikajaribu kupunguza, akarudi kwenye kiti chake akawasha injini kama anaondoka, mama mkwe akaanza kufungua pochi yake mwenyewe, nikalipa. Mliompa kibali ni nyie, ina maana mmekagua taa zake na winchi yake na matairi yake, hamkuona kwamba hakuna karatasi ya bei?

Halafu baada ya kulipa ndo anatuambia abiria habebi zaidi ya wawili. Kukaa kwenye gari inayovutwa ni hatari, nakubali, hata mimi nisingewaweka humo. Lakini sasa wengine waende wapi? Wabaki ukingoni usiku? Mke wangu na mtoto mdogo wakaingia brekidauni, mimi na mama mkwe na mkubwa tukaomba lifti kwa watu tusiowajua kabisa, wakatubeba, Mungu awabariki, lakini fikiria familia inagawanywa usiku barabarani na namna ya kuunganika ni simu yenye chaji asilimia nane. Hakuna aliyeumia. Mpaka leo nikifumba macho naziona zile taa za brekidauni zinapotea kwenye kona na wao wamo ndani.

Nirudi kwa injini maana hapo ndo penye ushahidi wangu.

Fundi alivuta stiki ya oili, ikatoka na rangi ya maziwa. Anayejua anajua: maji na oili vimekutana, gasketi ya silinda hedi, ule mfuniko wa juu wa injini, imekwenda. Akafungua hedi, akailaza mezani, akaweka rula ya chuma juu yake, akaniambia mulika taa upande ule. Mwanga ukapita chini ya rula katikati. Hedi imepinda. Akanieleza vizuri, hedi yangu ni ya aluminiamu na bloku yake, yaani mwili wa injini, ni ya chuma, na aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo moto ukizidi sana vile viwili vinavutana, hedi inataka kukua na boliti zimeishika chini, inakosa pa kwenda inajikunja. Nikamuuliza, na ningesimama pale mshale ulipoanza tu kupanda? Akaishika ile hozi, akaitupa kwenye meza. "Ungenunua hii na maji. Ungelala kwako."

Kwa hiyo mkinisikiliza vizuri, hozi ni yangu, hedi ni yenu. Hozi ilikuwa kitu cha kulipia na chenji ikabaki, hedi imekula akiba ya miezi. Na katikati ya hozi na hedi kuna kilomita nne za barabara yenu ambazo mtu hawezi kusimama.

Msiniambie kwamba madereva wacheki magari kabla ya safari. Tucheke pamoja kidogo. Wacheki, ndiyo, na wengi wanacheki, lakini weka magari elfu kadhaa yaliyojaza mizigo kwenye kilima kimoja siku moja ya jua, lazima kuna moja litachemsha, lingine litapasua tairi, lingine alteneta itagoma. Kwako wewe dereva ni ajali ya bahati mbaya, kwa msimamizi wa barabara ni jambo la kalenda. Uingereza walijaribu njia hii ya kufuta bega, wakachukua ile njia ya pembeni ya dharura kwenye baadhi ya motawei wakaifanya njia ya kupitishia magari ili foleni ipungue, wakaacha visehemu vya kusimama hapa na pale, gari likizima kabla ya kukifikia linabaki katikati ya mwendo, watu wakagongwa wakafa, familia zao zikapiga kelele miaka, na mwaka 2023 serikali yao ikatangaza hazijengwi tena mpya. Wao waliwahi kuwa na bega wakalifuta wakajuta. Sisi kwenye kile kilima halijawahi kuwepo kabisa na hakuna anayejuta.

Nako Marekani majimbo yote 50 yana sheria ya kwamba ukikuta gari la dharura limesimama pembeni linawaka taa, uhame njia au upunguze mwendo, na majimbo mengi yameongeza na gari la kawaida lililoharibika. Sheria ya bure, haihitaji lami. Pale kwangu aliyesimamia sheria hiyo alikuwa utingo na matawi yake.

Najua mtaniambia kupasua mwamba kuweka bega kilima chote ni gharama. Sijaomba kilima chote. Nimepita tena pale juzi na gari ya shemeji, mchana, nikiwa abiria, nikaangalia vizuri. Kuna sehemu tatu kwa hesabu yangu ambapo mwamba umerudi nyuma wenyewe, mfereji ukifunikwa tu gari dogo linaingia lote, hata lori likijibana. Tatu kwenye kilomita nne. Mfuniko wa zege juu ya mfereji, kibao, basi. Mainjinia wenu wanaweza kunicheka kwa hesabu zangu za dirishani, wacheke, lakini waende wakaangalie.

Brekidauni yaandikwe bei mlangoni, kwa kilomita, kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa tochi. Na kibali kiseme familia inaondokaje, siyo gari tu.

Na kama kwenye bajeti hakuna hata hela ya kufunika mfereji, basi wekeni kibao kimoja. Kimoja tu, chini kabisa kabla kilima hakijaanza, kiandikwe hakuna pa kusimama kilomita nne zijazo. Maana nilipopita juzi niliona kitu kimeniuma kuliko vyote: pale chini kabla ya kona ya kwanza pana uwanja mpana wa changarawe, magari hata kumi yanaingia, na pana mti mkubwa wenye kivuli. Tulipita hapo na hita bado haijawashwa, mtoto mdogo alikuwa ameomba tusimame akojoe, nikamwambia subiri tutasimama mbele.